Wakwe zangu wanasema nimekula nguruwe kwa sababu nimeugua homa ya ini E

Bibi Mkunga, shikamoo.

Mimi ni kijana wa Kipemba, kwetu ni upande wa Konde, lakini mwaka wa nne huu niko Unguja kwa kazi. Ni msaidizi wa mpishi katika hoteli moja ya mwambao wa mashariki. Zamu yangu ni ya kifungua kinywa: mayai, viazi, na soseji na bekoni za wageni. Nyama hiyo ya nguruwe huja imeganda, naiyeyusha, naikata, naikaanga. Sijawahi kuitia mdomoni hata siku moja, Mungu ni shahidi yangu.

Mfunguo Tatu nilipata ruhusa ya siku tano, nikaenda Pemba kula Sikukuu na mke wangu ambaye kwa sasa anakaa kwa wazee wake. Tangu kwenye boti nilijihisi mzito. Pilau ya Idd niliila kwa kuona haya tu. Siku ya tatu baada ya kurudi Unguja mwenzangu akaniuliza, "Mbona macho yako yamekuwa kama bizari?" Mkojo ulikuwa rangi ya chai kavu. Nikaenda hospitali, nikatolewa damu. A hamna, B hamna, C hamna. Sampuli ikapelekwa kwengine, na baada ya wiki likaja jibu: homa ya ini E. Daktari akasema nipumzike, ninywe maji, itaondoka yenyewe. Na kweli imeondoka. Hii ni wiki ya saba, macho yangu meupe na nimerudi kazini.

Kosa langu ni kuipiga picha karatasi ya majibu nikamtumia mke wangu. Shemeji yangu akaiona, akatafuta kwenye simu, akasoma kwamba homa ya ini E inatoka kwa nguruwe. Kabla ya magharibi mtaa mzima ulishajua kuwa mimi Unguja nala nguruwe. Mke wangu ananambia sahani na kikombe nilivyotumia Sikukuu mama yake amevitoa nje, viko nyuma ya jiko vimefunikwa pakacha, hakuna anayevigusa. Baba mkwe amesema nikifika Pemba niende kwanza mbele ya wazee niape kwa msahafu, la sivyo nimwache binti yake. Na huyo baba mkwe mwenyewe ni msasi, nguruwe wakiingia kwenye mihogo yeye ndiye wa mbele na mbwa wake.

Huku nako sina raha. Tunalala watano katika nyumba ya kupanga kijijini, nyuma ya hoteli. Wenzangu wawili nao waliumwa manjano mwezi ule ule, mmoja ni mtunza bustani na mwengine mlinzi, lakini hawakupima. Walikunywa dawa za miti wakapona, basi hawana doa. Mimi niliyepima ndiye mwenye aibu.

Niambie kweli, Bibi. Ugonjwa huu niliupata kwa kushika nyama ile? Kipimo kinaonyesha kwamba nimekula? Niache kazi? Na nikiapa, wataniamini?

Mke wangu ana mimba ya miezi saba, ya kwanza. Ananambia siku nne hizi ana homa za jioni na hataki hata kunusa chakula. Mama yake anasema ni mimba na huzuni ya haya mambo. Sitaki azidi kuumia roho kwa ajili yangu.

Mpishi, Unguja

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma usiku na sikungoja siku ya safu, nilikupigia. Kwa hiyo haya ya mwanzo umeshayasikia kwangu. Nayaandika tena kwa sababu miongoni mwa wanaotusoma wamo wenye wake, mabinti na wakamwana wajawazito, na wewe habari ya mkeo uliiweka mwisho kabisa, baada ya sahani na pakacha.

Kwa mtu mzima mwenye afya, homa ya ini E huwa kama ilivyokuwa kwako. Uchovu, kichefuchefu, manjano, kisha ini linajirudi lenyewe na mtu anapona. Kwa mjamzito ni jambo jingine kabisa. Katika miripuko ya ile aina inayosambaa kwa maji, wanawake walioupata ugonjwa huu katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba wamekufa hadi 20 au 25 katika kila 100. Ini linaacha kazi ghafla, damu inagoma kuganda, na mtoto naye anaingia hatarini. Nimezalisha wanawake miaka mingi, na mjamzito wa miezi saba anayewaka homa kila jioni na kukataa chakula siku nne simwiti mwenye huzuni mpaka apimwe. Huenda ni malaria. Huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo. Huenda ni ini. Yote matatu hayatibiwi kwa kusubiri.

Ndiyo maana nilikwambia apelekwe Wete usiku ule ule, na ile picha ya karatasi yako iwe kwenye simu yake. Asubuhi ukanitumia ujumbe kwamba walikuwa karibu kumrudisha nyumbani na panadol, lakini daktari alipooneshwa picha akaamua kumlaza na kutoa damu kutazama ini. Picha hiyo hiyo iliyokutia matatani. Panadol zenyewe asizimeze ovyo, maana ini ndilo linalozishughulikia, na ini likiwa linaumwa zitolewe kwa kipimo cha daktari. Na dawa za miti kwa mjamzito, hapana. Wale wenzako wawili hawakuponywa na majani. Ugonjwa ulikuwa njiani kuondoka, majani yakachukua sifa.

Uliniuliza kwenye simu, kwa sauti ya kunong'ona, kama ni wewe uliyempa. Nakujibu hapa kama nilivyokujibu kule. Mtu kumwambukiza mwenzake ndani ya nyumba hutokea mara chache kuliko kuambukizwa na maji. Lakini virusi hutoka na choo kikubwa tangu siku chache kabla ya mtu kuumwa mpaka wiki tatu au nne baada ya kuanza kuumwa, na wewe Sikukuu ilikukuta katika siku hizo. Tangu kuvimeza mpaka kuumwa ni wiki mbili hadi kumi. Mkeo, ukihesabu, bado yumo ndani ya muda huo. Hukujua, na asiyejua halaumiwi. Nakupa hesabu hii ili daktari wake aipate. Leo, wiki ya saba, wewe huna cha kumwambukiza mtu. Nenda Pemba ukakae naye.

Sasa tuje kwa nguruwe.

Shemeji yako hakusoma uongo, alisoma nusu na akaikimbilia. Virusi vya homa ya ini E vinavyowapata watu vina aina kuu nne, na wataalamu wamezipa namba. Aina ya 3 na ya 4 ndizo zinazoishi kwa nguruwe, wa kufugwa na wa mwituni, na kutoka kwao humfikia mtu. Vilitambuliwa kwa nguruwe mara ya kwanza huko Marekani mwaka 1997, na tangu hapo vimekutwa katika mifugo ya nchi nyingi sana, mara nyingi katika mabanda mengi zaidi kuliko walivyotarajia waliopima. Nguruwe huambukizwa angali mdogo, ana miezi miwili au mitatu, wala haumwi. Anakula, ananenepa, na wengi wakifika umri wa kuchinjwa wameshapona. Wengi, si wote. Japani, katika utafiti uliotoka mwaka 2003, walinunua madukani vipande 363 vya maini mabichi ya nguruwe wakavipima, na 7 vikakutwa na virusi. Huko, na katika baadhi ya nchi za Ulaya, wapo wanaokula maini yasiyoiva na soseji za maini mabichi, na wanaumwa kweli. Wafugaji wa nguruwe na madaktari wa mifugo nao damu zao huonyesha alama za ugonjwa huu kuliko za watu wengine.

Kwa hiyo sitakudanganya kwamba kazi yako haina hatari hata chembe. Anayeshika nyama mbichi ya nguruwe, hasa maini, kisha akajipangusa mdomo au akachukua mkate bila kunawa, anaweza kuambukizwa bila kuonja hata kipande. Moto unaviua virusi hivi pale nyama inapoiva mpaka ndani. Barafu haiviui.

Lakini zipo aina ya 1 na ya 2, na hizi shemeji yako hakuzifikia. Hizi hazina haja ya nguruwe. Zinaishi kwa binadamu peke yake: zinatoka chooni, zinaingia kwenye maji, zinarudi kinywani. Na hizi ndizo zilizofanya miripuko mikubwa ya Afrika na Asia. Mwaka 2004 Darfur, Sudan, watu waliokimbia vita waliugua kwa maelfu makambini. Mwaka 2012 ikawa zamu ya Dadaab, Kenya, kwa wakimbizi ambao wengi wao ni Wasomali. Katika vijiji vya Misri, kwenye bonde la mto Nile, watafiti walipima damu za wanakijiji wakakuta zaidi ya nusu yao wamewahi kuambukizwa wakati fulani wa maisha yao. Hawa wote ni watu ambao karibu wote ni Waislamu, watu wasioiruhusu nyama ya nguruwe kuvuka kizingiti. Hayo mwambie shemeji yako kwa upole, na umwombe ayatafute kwenye simu ile ile.

Karatasi yako inasema kitu kimoja tu: mwili wako umetengeneza kingamwili za mwanzo dhidi ya virusi vya E, maana yake vimeingia si zamani. Haisemi ni aina ya ngapi. Kujua aina kunahitaji kipimo kingine cha maabara kubwa, cha kuvisoma virusi vyenyewe. Na hakuna maabara duniani, kubwa wala ndogo, inayoweza kutazama karatasi ya namna hiyo ikasema mtu huyu amekula nini.

Kuna mstari katika barua yako niliousoma mara tatu. Mtunza bustani na mlinzi. Hawa hawaingii jikoni. Hawashiki soseji wala kisu chako. Wanachoshirikiana nawe ni nyumba, na ndani ya nyumba ni maji. Watatu kati ya watano, mwezi mmoja, mara baada ya masika. Ndipo nikakuuliza mnateka wapi, ukaniambia kisima kiko uani. Nikakuomba utoke nje uhesabu hatua kutoka kisimani hadi chooni nami nasubiri kwenye simu. Nikakusikia ukihesabu kwa sauti. Zilikuwa 12. Nikauliza habari za mvua za Mei, ukasema shimo la choo lilijaa mpaka maji yakaja juu sakafuni, mkaweka matofali ya kukanyagia. Na ndoo ya kisima ni kopo la mafuta ya kula lililokatwa mdomo, lina kamba, likishatumika linalala chini pale pale uani.

Mwanangu, hicho kisima kingenitosha hata kama usingenitajia nguruwe. Huo mwambao wenu ni uwanda, udongo ni kiganja kimoja, chini yake jiwe la matumbawe lenye matundu na nyufa. Mchanga na udongo mzito huchuja maji machafu yanapopita. Jiwe la namna hiyo linayapitisha moja kwa moja. Watu wa maji na afya husema choo kikae mbali na kisima angalau mita 30, na penye jiwe la nyufa wanataka zaidi. Nyinyi mna hatua 12. Kipindupindu cha 2015 na 2016 kilipita njia hii hii hapa visiwani, na mwenye umri wangu hakisahau. Siwezi kukuapia kwamba hukupata jikoni. Ila ukinitaka niseme moyo wangu umeegemea wapi, umeegemea kwenye kopo lile la mafuta.

Kuhusu kiapo, mimi si mtu wa kutoa hukumu ya dini, na kiapo ni jambo zito la kwako na Mola wako. Ninalolijua ni kwamba wazee wanataka kiapo kwa sababu ya karatasi walioielewa vibaya, basi kwanza ielezwe karatasi. Usiende peke yako ukajitetea, kijana anayejitetea mbele ya wakwe husikika kama muongo hata akisema kweli. Mwombe sheha, na mhudumu wa afya wa jamii wa shehia hiyo, wakae nawe. Mtu wa hapo hapo akisema maneno haya kwa Kipemba chao, yataingia.

Na lile la mbwa na msako usilitoe barazani. Naona lilivyokukaa kooni. Ukilitoa utashinda mabishano na kumpoteza mkwe. Lakini kwa afya yake ni la kweli, na siku mtakapopatana umwambie mkiwa wawili. Virusi hivi vimekutwa kwa nguruwe mwitu huko Ulaya na Japani. Anayemburura nguruwe aliyekufa kwa miguu, akamrudisha mbwa kwenye kamba, akamenya chungwa njiani kabla ya kunawa, anajiweka pabaya. Sabuni na maji ya kumiminika, mpaka vifundoni, kabla ya kugusa kitu chochote cha kula. Wasasi wanatuokolea mihogo na mpunga, na wao tuwatunze.

Vyombo vilivyo chini ya pakacha vioshwe kwa sabuni na maji ya moto, basi. Kama mama mkwe anataka kuvitwaharisha kwa namna ya dini, ni haki yake, mwachie. Lakini kwa ugonjwa havina kitu tena.

Kazi. Swali la kuwa halali au si halali kushika nyama hiyo kwa mshahara mpelekee sheikh unayemwamini, umweleze kazi yako yote bila kuficha. Ukiiacha kazi, uiache kwa jibu lake. Usiiache kwa sababu ya maabara. Wakati bado unaifanya, vaa glavu, uwe na kisu na ubao wa nyama hiyo peke yake, iyeyushe chini kabisa ya friji ili majimaji yake yasidondokee chakula kingine, na unawe kwa sabuni hata baada ya kuvua glavu. Unaweza pia kumwomba mkuu wa jiko akuhamishie kwenye mikate au matunda. Wapo wanaokubali bila maneno, ni vile tu vijana wetu hawaombi.

Niongeze kidogo kuhusu majina, kwa sababu nayasikia yakichanganywa kila siku. Manjano ni dalili. Homa ya manjano ni ugonjwa mwengine, unaletwa na mbu. Homa ya ini B huambukizwa kwa damu, kwa tendo la ndoa na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, na inaweza kukaa mwilini maisha yote. E haiendi kwa njia ya unyumba namna hiyo, na kwa mtu mwenye kinga nzima haikai. Chanjo wanayopata watoto wetu kliniki ni ya B, haikingi E. Chanjo ya E ipo, China waliiidhinisha mwaka 2011, na mwaka 2022 ilitumika Bentiu, Sudan Kusini, kupambana na mripuko, na wajawazito nao walichanjwa. Kwetu si chanjo ya kwenda kituoni ukaiomba. Kwetu kinga ni moto chini ya sufuria.

Kwa hiyo kabla hujapanda boti, fanya jambo moja hapo mnapolala. Wawili kati yenu hawajaumwa. Nunueni sufuria kubwa, maji yote ya kunywa, ya kusukutulia na ya kuoshea matunda yachemke mpaka yatokote, yapozwe humo humo yakiwa yamefunikwa. Kopo la kisima litundikwe, lisiguse chini. Sabuni iwekwe mlangoni mwa choo, na anayetoka anawe mikono yote miwili, si ule wa kushoto tu. Mwenye nyumba aambiwe choo kihamishwe, na akisitasita mwende kwa sheha mkiwa watano, mtunza bustani na mlinzi wakiwa mbele waseme nao waliumwa.

Na Pemba, nyumbani kwa mkeo, sufuria ya maji iwake hata akirudi hospitali salama, mpaka ajifungue na baada ya hapo.

Majibu ya ini lake yakitoka nipigie, hata ikiwa usiku wa manane.